Kumpiga mtu kalamu: ni fedha ngapi zitakazotoka dukani?

Kwa kawaida ukurasa huu hushughulika na bei: mchele, sukari, saruji, hisa na dola. Wiki hii tunamwomba msomaji ruhusa tuzungumzie gharama moja ambayo haiandikwi kwenye ubao wa bei, wala haionekani katika vitabu vya biashara nyingi ndogo humu nchini Kenya, mpaka siku hati ya kuitwa mahakamani inapoletwa dukani. Ni gharama ya kumfuta mfanyakazi kinyume cha sheria.

Swali la mwenye duka huwa ni hili: "Nikimfuta huyu, nitamlipa kiinua mgongo kiasi gani?" Naye aliyefutwa huuliza: "Nimeonewa, kiinua mgongo changu kiko wapi?" Wote wawili wanatumia neno moja kwa malipo manne yaliyo tofauti kabisa, na hapo ndipo hesabu inapoharibika. Mwenye duka hulipa kisichodaiwa na kuacha kinachodaiwa. Mfanyakazi hudai asichostahili, huku akikiacha kile ambacho angelipwa.

Tuyatenganishe. Malipo ya kwanza ni ya notisi. Kwa mujibu wa Sheria ya Ajira ya 2007, mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi ya maandishi ya siku 28, isipokuwa mkataba wake umetaja muda mrefu zaidi. Mwajiri asiyetaka kumwona tena mtu huyo dukani anaweza kumlipa mshahara wa muda huo badala ya notisi.

Ya pili ni malipo ya utumishi, yaani fedha kwa kila mwaka aliofanya kazi. Haya yamo katika kifungu cha 35. Lakini kifungu hicho hicho kinamwondoa mfanyakazi aliye mwanachama wa NSSF, au wa mpango mwingine wa pensheni uliosajiliwa. Kwa maneno mengine, mwajiri aliyemwandikisha mtu wake NSSF na kupeleka michango kila mwezi hadaiwi malipo ya utumishi. Asiyemwandikisha anadaiwa. Sheria haikutaja kiwango, ila mahakama mara nyingi huchukua siku 15 kwa mwaka.

Ya tatu ndiyo yanayochanganya watu zaidi, nayo ni malipo ya kupunguzwa kazi. Kifungu cha 40 kinasema mfanyakazi anayeondolewa kwa sababu nafasi yake haipo tena, bila kosa lake, alipwe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliokamilisha. Tawi limefungwa, mashine mpya imeletwa, biashara imepungua: hayo ndiyo mambo yanayohusika. Aliyefutwa kwa tuhuma ya wizi, iwe ya kweli au ya uongo, hayumo humu. Na tofauti na yale ya utumishi, haya hulipwa hata kama mfanyakazi ni mwanachama wa NSSF.

Ya nne ni fidia. Hii huamuliwa na mahakama baada ya kuona kwamba mtu alifutwa isivyo haki. Kifungu cha 49 kimeweka kikomo cha mishahara 12 ya mwezi, mshahara wenyewe ukihesabiwa kabla ya makato, kwa kiwango alichokuwa akilipwa siku alipofutwa. Kiasi kamili chini ya kikomo hicho kinategemea mambo mengi: amefanya kazi miaka mingapi, yeye mwenyewe alichangia vipi katika kosa, ana nafasi gani ya kupata kazi nyingine, na kama amekwisha kulipwa chochote. Mahakama inaweza pia kuamuru arudishwe kazini, ingawa jambo hilo haliwi mara nyingi katika biashara ndogo ambako mwajiri na mfanyakazi hutazamana uso kwa uso kutwa nzima.

Sasa tuchukue mfano wa kubuni. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi Mombasa ana karani wa stoo anayelipwa Sh39,000 kwa mwezi. Karani amekamilisha miaka sita. Siku moja stoo inahesabiwa na mifuko 14 ya saruji haionekani. Tuseme kila mfuko ni Sh750, basi hasara ni Sh10,500. Tajiri anachemka, anamnyang'anya karani funguo na kumwambia, "Toka, na nisikuone tena hapa." Siku hiyo karani ameshafanya kazi siku 12 za mwezi, na likizo yake ya mwaka, siku 21, hajaichukua.

Tukigawa mshahara kwa siku 26 za kazi, siku moja ni Sh1,500. Siku 12 alizofanya kazi ni Sh18,000. Likizo ni Sh31,500. Jumla ni Sh49,500, na hizi zinadaiwa hata kama karani aliiba mifuko yote 14 mchana kweupe. Mwajiri wengi hawalijui hili. Mtu akifutwa papo hapo kwa kosa kubwa hupoteza notisi, lakini hapotezi jasho lake la siku alizokwisha kufanya kazi wala likizo aliyokwisha kuipata.

Karani anakwenda kortini. Tajiri hana barua, hana muhtasari wa kikao, hana shahidi ila yeye mwenyewe. Mahakama inasema ufutaji haukuwa wa haki. Tuseme fidia inawekwa miezi mitano, Sh195,000. Notisi ni Sh39,000. Ukijumlisha na zile Sh49,500 unapata Sh283,500. Ikiwa karani hakuandikishwa NSSF, ongeza siku 15 mara miaka sita, yaani siku 90, ambazo ni Sh135,000. Jumla inakuwa Sh418,500. Hapo hatujagusa ada ya wakili, gharama za kesi za upande wa pili, wala riba. Na fidia ingeweza kufika miezi 12, yaani Sh468,000 peke yake.

Tajiri huyu amepoteza saruji ya Sh10,500 na kulipa zaidi ya Sh400,000. Wenye maduka ya kiasi hiki wanajua fedha hizo ni shehena ngapi za mabati.

Jambo la kuangalia hapa ni kwamba huenda karani kweli aliiba. Sheria haikumkataza tajiri kumfuta mwizi. Kifungu cha 44 kinaruhusu kufuta papo hapo mtu anayeshukiwa, kwa sababu za kuridhisha, kuwa ametenda jinai dhidi ya mwajiri au mali yake. Vilevile mlevi kazini, mtoro, mwenye matusi na anayekaidi amri halali. Na kifungu cha 43 hakimtaki mwajiri athibitishe kosa kama linavyothibitishwa katika kesi ya jinai. Kinamtaka aonyeshe sababu ambayo yeye, wakati ule wa kufuta, aliamini kwa dhati kuwa ipo. Kinachomwangusha tajiri wetu ni kwamba aliruka kifungu cha 41.

Kifungu hicho ni kifupi, na kukifuata huchukua alasiri moja. Kinamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi sababu anayofikiria kumfutia, kwa lugha anayoielewa. Mfanyakazi ana haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama chake, aliyemchagua yeye, katika kikao hicho. Kisha mwajiri asikilize majibu yao na kuyafikiria kabla ya kuamua. Basi. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba duka la watu watatu liwe na kamati ya nidhamu na meza ndefu. Kinachohitajika ni barua inayotaja tuhuma waziwazi, muda wa kutosha wa kujibu, kikao, na karatasi inayoonyesha nani alisema nini, iliyotiwa saini na waliokuwapo. Baada ya hapo ndipo barua ya uamuzi iandikwe, ikiwa na tarehe ya baada ya kikao. Tarehe hiyo ina uzito. Barua ya kufuta iliyoandikwa asubuhi na kikao kufanywa jioni inaonyesha kwamba uamuzi ulikwisha kufanywa.

Wengine hudhani kwamba kupeleka jambo polisi kunatosha. Hakutoshi. Polisi na mahakama ya jinai wana kazi yao, na mwajiri ana yake. Karani akikamatwa na kushtakiwa, bado anastahili kikao cha kifungu cha 41. Kwa upande mwingine, karani akiachiliwa na hakimu wa jinai, hilo peke yake haliufanyi ufutaji kuwa batili, kwa kuwa vipimo vya ushahidi ni tofauti. Kesi nyingi huharibika hapa: mwajiri anangoja uamuzi wa hakimu kwa miaka huku mfanyakazi hajaambiwa kama bado yuko kazini au la.

Mazoea haya ya kufuta kwa neno moja yana chanzo chake. Kabla ya Sheria ya Ajira ya 2007 kuanza kutumika Juni 2008, mwajiri alikuwa na uhuru mkubwa wa kumwondoa mtu kwa notisi bila kutaja sababu, na aliyekwenda kortini kwa kawaida hakupata zaidi ya mshahara wa muda wa notisi. Wazee wetu waliofungua maduka miaka hiyo walijifunza biashara chini ya sheria ile. Watoto wao wamerithi duka pamoja na mazoea. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu, katika shauri la kampuni moja ya Mombasa, ilieleza kwamba ufutaji ukishapingwa kortini na kuonekana si wa haki, linalobaki ni kuamua nafuu inayofaa chini ya kifungu cha 49. Kumpa mtu mshahara wa notisi mkononi hakufungi mlango wa fidia.

Kuna kinga nyingine ambayo haiko tena. Sheria ilikuwa na sharti kwamba mtu awe amefanya kazi miezi 13 mfululizo ndipo alalamikie ufutaji usio wa haki. Mwaka 2012 mahakama ililitangaza sharti hilo kuwa kinyume cha Katiba. Mwajiri anayewabadilisha watu kila mwaka akidhani yuko salama anajidanganya.

Hali kadhalika suala la vibarua. Sokoni utasikia, "Huyu si mfanyakazi wangu, ni kibarua tu, namlipa kila jioni." Kifungu cha 37 kinasema kibarua akifanya kazi siku za kazi mfululizo zinazofikia mwezi mmoja au zaidi, au kazi ambayo haiwezi kutarajiwa kumalizika chini ya miezi mitatu, mkataba wake unachukuliwa kuwa wa mwezi. Mpakuaji mizigo aliyekuwa mlangoni mwako kwa miaka minne, akija kila siku, ana notisi, ana likizo, na ana haki ya kusikilizwa. Ukisema kortini kwamba alikuwa akija siku mojamoja, utaulizwa daftari la mahudhurio. Sheria imemwachia mwajiri kazi ya kuandika mkataba wa ajira inayofika miezi mitatu na kutunza kumbukumbu. Pasipo na karatasi, mzigo wa kukanusha maneno ya mfanyakazi unabaki kwa mwajiri.

Mfanyakazi naye ana saa inayohesabu. Kesi ya ajira ifunguliwe ndani ya miaka mitatu tangu siku ya kufutwa, na mahakama haiongezi muda huo. Mazungumzo na tajiri, ahadi za "njoo mwisho wa mwezi", rufaa ndani ya kampuni, vyote havisimamishi saa. Anaweza pia kupeleka malalamiko kwa afisa wa leba, lakini hilo lifanywe ndani ya miezi mitatu. Kuhusu mahakama, tangu 2018 mashauri ya wanaolipwa hadi Sh80,000 kwa mwezi yanaweza kusikilizwa na mahakimu wa ngazi iliyotajwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, bila kulazimika kwenda Mahakama ya Ajira na Leba yenyewe. Karani wa mfano wetu angeshtaki hapo. Na ashinde au ashindwe, apewe cheti cha utumishi. Kumnyima cheti kwa hasira ni kosa la jinai lenye faini.

Je, mkimalizana nje ya korti? Inawezekana, na mara nyingi ndiyo njia nafuu kwa wote. Lakini ile karatasi ya mstari mmoja, "Nimepokea na sina madai zaidi," si ngao kamili. Mahakama ya Rufaa mwaka 2013 ilieleza kwamba hati kama hiyo peke yake haimwondolei mwajiri wajibu wa kisheria. Mwaka 2018 mahakama hiyo hiyo ikayaheshimu makubaliano ambayo mfanyakazi aliyaingia kwa hiari akijua anachokubali. Kwa maoni yetu tofauti iko katika karatasi yenyewe: itaje kila malipo kwa jina na kiasi chake, iseme kwamba ni suluhu ya madai ya kufutwa, na mfanyakazi apewe muda wa kwenda kuisomesha kwa mtu mwingine kabla ya kutia saini.

Kuna wajanja wanaofikiri watamfuta mtu wasiyemtaka kwa jina la kupunguza wafanyakazi. Kwa karani wetu, kupunguzwa kihalali kungegharimu notisi Sh39,000, siku 15 kwa miaka sita Sh135,000, na zile Sh49,500: jumla Sh223,500. Ni chini ya hasara ya kesi. Ila njia hiyo ina masharti yake: notisi ya mwezi kwa chama, au kwa mfanyakazi mwenyewe pale pasipo na chama, na kwa afisa wa leba, kisha uchaguzi wa wanaoondoka kwa kuangalia muda wa kazi, ujuzi, uwezo na uaminifu wa kila mmoja. Ukimpunguza karani Jumatatu na kumwajiri mwingine wa stoo Jumatano, umejiandikia kesi mwenyewe.

Hata wakubwa huteleza hapa. Mwaka 2012 Kenya Airways, ambayo hisa zake ziliorodheshwa Soko la Hisa la Nairobi, ilipunguza wafanyakazi 447 kwa lazima. Mwaka huo huo mahakama iliamuru warudishwe. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa iliifuta amri ya kuwarudisha na badala yake ikaamuru walipwe fidia. Kwa karibu miaka miwili mwenye hisa hakujua kama kampuni yake ingebeba mishahara ya watu hao wote au la. Ndiyo maana tunawashauri wenye hisa wasiishie kwenye faida ya mwaka. Wafungue maelezo ya nyuma ya hesabu, panapotajwa madai yaliyo mahakamani na madeni yasiyo na uhakika. Katika masomo ya biashara chuoni tulifundishwa kutenga fedha kwa ajili ya wadeni wasiolipa, na sikumbuki siku tuliyotenga hata shilingi kwa ajili ya karani aliyefukuzwa kwa hasira.

Kwa mwekezaji mdogo anayenunua duka au karakana, hatari iko karibu zaidi. Ukinunua hisa za kampuni, umenunua kampuni pamoja na mikataba yake ya kazi na kesi zake, zilizofunguliwa na zitakazofunguliwa ndani ya ile miaka mitatu. Ukinunua bidhaa na vifaa tu, Sheria ya Ajira haiwahamishi wafanyakazi kwako yenyewe. Muuzaji ndiye anayepaswa kumaliza mikataba yao na kuwalipa. Lakini desturi yetu ni kwamba mnunuzi hupeana mkono na muuzaji, wafanyakazi wakaendelea siku ya pili kana kwamba hakuna lililotokea. Baada ya miaka miwili mmoja akifutwa, anadai miaka kumi na miwili, na hakuna karatasi ya kuonyesha mwaka wa kwanza wa mwajiri mpya ni upi. Dawa yake ni barua moja kwa kila mfanyakazi, yenye saini tatu, ya muuzaji, mnunuzi na mfanyakazi, ikisema miaka ya zamani imelipwa au imehamishwa.

Hesabu ya kufanya kabla ya kukubali bei ni hii. Tuseme duka lina wafanyakazi tisa, kila mmoja amekamilisha miaka minane na analipwa Sh26,000, yaani Sh1,000 kwa siku ya kazi. Muuzaji akiwapunguza wote ili auze, malipo ya kupunguzwa kazi ni Sh1,080,000. Notisi ni Sh234,000. Ikiwa hakuna aliyekwenda likizo mwaka huo, ongeza Sh189,000. Ni Sh1,503,000, na ikiwa hakuzilipa yeye, uwezekano ni mkubwa kwamba siku moja mtu atakuja kuzidai kwako, hata kama utashinda kesi hiyo.

Kwa hiyo kabla ya kutoa arbuni, mwombe muuzaji karatasi tatu: orodha ya wafanyakazi wote ikiwa na tarehe waliyoanza na mshahara wa kila mmoja, stakabadhi za NSSF za kila mwezi, na majina ya wote walioondoka katika miaka mitatu iliyopita, kila mmoja ameondokaje na alilipwa nini. Akikwambia ya tatu hana kwa sababu "walikuwa vibarua tu", rudi kwenye bei.